Dada, nina wazo la aplikesheni ya mafundi simu: niache kazi na nimwage akiba yote?

SWALI

Shikamoo dada,

Natumaini u mzima. Huwa nasoma majibu yako kimya kimya, leo na mimi nimeamua kuandika maana kichwa kimejaa. Nimeajiriwa, kazi ya ofisini, mshahara sio mbaya ila moyo haupo tena huko. Nina wazo la aplikesheni ya mafundi simu. Nimeona jinsi wanavyohangaika, simu ikiingia wanabandika kikaratasi kwa solotepu wanaandika jina na namba, vikaratasi vinabanduka, wateja wanapiga kila saa kuuliza imepona au bado, mwisho fundi hapokei tena na mteja anajua keshatapeliwa. Kwenye aplikesheni yangu fundi anasajili simu, mteja anapata meseji kila hatua, spea imefika, simu iko tayari, njoo uchukue. Baadaye nataka kuwe na sehemu ya kununua spea, ya wateja kuwapa mafundi nyota, ya malipo, hadi bima ya simu.

Akiba ninayo kiasi. Kampuni moja ya programu imenipigia hesabu ya kutengeneza vyote, inataka nusu kwanza na hiyo nusu inakula karibu akiba yote. Upande mwingine nina rafiki yangu tangu chuo, developa mzuri sana, anasema atatengeneza bure ila anataka nusu kwa nusu. Halafu kuna mzee mmoja ana hela zake, nilimgusia tu akasema atatoa kiasi (sio kikubwa kihivyo) ila apewe asilimia 40, na anataka jibu haraka.

Naogopa sana kuibiwa wazo, hata mafundi wenyewe sijawaambia. Nilipanga mwezi ujao niandike barua ya kuacha kazi nijikite huku moja kwa moja. Sasa dada, niilipe kampuni, nimpe rafiki nusu, au nichukue hela ya mzee? Na tunaoanza tunapata wapi msaada, maana nasikia kuna mafunzo na misaada ya bure mtandaoni ila sijui pa kuanzia.

Mdogo wako mwenye wazo

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeirudia, na kuna sentensi umeipitisha haraka haraka lakini mimi ndiyo iliyonishika: "hata mafundi wenyewe sijawaambia". Yaani una kampuni inasubiri hela, una rafiki anasubiri hisa, una mzee anasubiri jibu, ila mtu ambaye siku moja atatakiwa atoe hela mfukoni mwake akulipe wewe, huyo hajui lolote. Kwa hiyo nakujibu kuanzia hapo, na utaona hayo mengine mengi yanapungua uzito yenyewe.

Wazo lako nalipenda, sikuvunji moyo. Lakini umeliona ukiwa umesimama upande wa mteja, nje ya kaunta. Ndani ya kaunta kero inaweza kuwa nyingine kabisa. Inawezekana anayemuumiza fundi sio yule anayepiga kila saa, ni yule asiyepiga kabisa, kaacha simu, fundi kanunua kioo kwa hela yake, kakifunga, simu iko kwenye droo wiki na wiki na hela yake imelala humo. Kama ndivyo, anachohitaji ni kuchukua hela ya spea kabla hajaanza kazi na kumkumbusha mteja aje kuchukua simu yake, na hiyo ni bidhaa tofauti na uliyopigiwa hesabu. Au kero yake ni ubishi, mteja anarudi anasema kamera ilikuwa nzima kabla sijakuletea, basi huyo anataka picha na kumbukumbu ya hali ya simu ilivyopokelewa, meseji za hatua kwa hatua wala hazimhusu. Mimi sijui ni ipi kati ya hizo na wewe kwa sasa hujui, anayejua ni fundi.

Hili sio jambo dogo. Mwaka 2014 kampuni ya utafiti ya CB Insights ilikusanya maelezo ya waanzilishi 101 ambao biashara zao changa zilikufa, sababu iliyotajwa kuliko zote, asilimia 42, ilikuwa kwamba walitengeneza kitu ambacho soko halikukihitaji. Sio kwamba kodi zao (yale maandishi ya kompyuta yanayounda programu) zilikuwa mbovu, wengi walitengeneza vizuri tu kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakisubiri.

Sasa ukienda kwa fundi usianze na "nikikutengenezea aplikesheni hivi na hivi utatumia?" maana atakujibu ndiyo, wazo ni zuri sana, kwa sababu watu wana adabu na yeye anataka arudi kwenye kazi yake. Hiyo ndiyo haikupi chochote. Muulize yaliyokwisha kumtokea. Mara ya mwisho simu ya mteja kupotea au kubadilishwa ilikuwa lini, ulifanyaje, ilikugharimu nini? Sasa hivi una simu ngapi ambazo zimepona na wenyewe hawajaja? Unaandika wapi, nionyeshe daftari. Umeshawahi kujaribu njia nyingine, ukaiacha kwa nini? Hilo la mwisho lina thamani sana, maana kama kero inauma kweli lazima atakuwa ameshahangaika nayo kwa namna fulani, na kama hajawahi kuhangaika hata kidogo basi ujue anaweza kuishi nayo. Halafu kaa hapo kwenye benchi ukiweza, uangalie tu simu zinavyopokelewa, nani anaandika, mikono ina gundi au vumbi kiasi gani, ana dakika ya kuchapa majina kwenye skrini au hana. Ongea na mafundi kumi hadi kumi na tano wa aina tofauti, wa kibanda cha peke yake na wa duka lenye vijana kadhaa, na uandike maneno yao walivyoyasema wao, usiyatafsiri kichwani kwako ili yalingane na wazo lako.

Baada ya hapo usitengeneze aplikesheni bado. Nakuona unakunja uso lakini nisikilize. Chukua mafundi watatu ambao kero yao imefanana na uwafanyie hiyo huduma kwa mkono. WhatsApp Business ni ya bure na ina lebo, unaweza kuweka lebo za imepokelewa, inasubiri spea, iko tayari, na ina majibu ya haraka ambayo unayaandika mara moja unayatumia kila siku. Google Sheets moja, safu ya namba ya risiti, jina, aina ya simu, tatizo, tarehe. Fundi akipokea simu anakupigia picha ya risiti, wewe ndiye unayeingiza na wewe ndiye unayemtumia mteja meseji. Mteja hajui kama nyuma yake kuna programu au kuna wewe umekaa na laptopu usiku baada ya kazi, na haimhusu.

DoorDash, hii kampuni kubwa ya Marekani ya kupeleka chakula, ndivyo ilivyoanza. Januari 2013 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford waliweka ukurasa mmoja wa tovuti wenye menyu za PDF za migahawa ya karibu na namba ya simu yao wenyewe, basi. Oda ya kwanza ikaingia siku hiyo hiyo, wakaenda kuchukua chakula na kupeleka wao kwa gari lao, oda wakawa wanazifuatilia kwenye Google Docs. Mfumo wenyewe walikuja kuujenga wakati tayari wanajua watu wanaagiza nini, saa ngapi, na wapi kazi inakwama. Ndugu wawili walioanzisha Stripe, Patrick na John Collison, nao siku za mwanzo mtu akikubali kujaribu huduma yao ya malipo hawakumtumia linki na kumsubiri, walimwambia leta laptopu yako wakamuunganishia pale pale. Unavyomfungulia fundi wako huduma fanya hivyo hivyo, simu yake mkononi, umalize mbele yake.

Jambo moja nataka ulizingatie sana hapo. Mafundi wengi wanaomba neno la siri la simu au ile patani ya nukta ili waijaribu wakimaliza, na wanaliandika kwenye kile kikaratasi. Hilo lisiingie kwenye Google Sheets yako hata siku moja. Chukua jina, namba ya simu ya kumpata, aina ya simu na tatizo, vitu hivyo vinatosha. Nchi nyingi sasa zina sheria ya kulinda taarifa za watu (Umoja wa Ulaya walianza kutumia ya kwao, GDPR, Mei 2018) kwa hiyo itafute ya kwenu uisome mapema, na zaidi ya sheria ni kwamba simu ya mtu ina picha za watoto wake na hela zake humo ndani.

Na uwatoze. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu mwambie fundi huduma hii itakuwa kiasi fulani kwa mwezi, hata kiwe kidogo. Hapo ndipo utaona rangi halisi, yule aliyesema wazo ni zuri sana atakwambia ngoja nifikirie, na mwingine uliyedhani hana habari atakuuliza analipaje. Wakikataa wote hujafilisika, rudi kwenye maneno yao uliyoandika uangalie kero nyingine. Wawili watatu wakilipa na kukugombeza siku meseji ikichelewa, sasa una kitu. Ukitaka kupunguza kazi ya mkono hata bado bila developa, kuna Glide na AppSheet zinachukua hiyo hiyo spredishiti na kuigeuza kuwa aplikesheni rahisi bila kuandika kodi. Zile nyota, bima na soko la spea ziweke kando kabisa kwanza, kila moja ya hizo ni biashara nzima.

Rafiki yako. Mimi kati ya njia zako tatu hii ndiyo ninayoiona ina maisha, mtu anayeweza kujenga, mnafahamiana, na mko wawili kwenye shida. Nusu kwa nusu sio dhambi, wengi wanagawana hivyo na inafanya kazi. Hatari iko kwenye kumpa nusu leo halafu baada ya miezi sita anapata kazi nzuri sehemu nyingine anaondoka na nusu ya kampuni wewe unabaki unafanya kazi kwa ajili yake. Kwa hiyo hisa zikomae kidogo kidogo kwa nyinyi wote wawili, na wewe pia. Utaratibu uliozoeleka kwenye kampuni changa ni miaka 4 na mwaka wa kwanza ni wa kusubiri: anayeondoka kabla ya mwaka haondoki na kitu, akifikisha mwaka anapata robo ya hisa zake, kisha zinaongezeka kila mwezi hadi zitimie. Mfano ana asilimia 50 akaondoka baada ya mwaka mmoja na nusu, anaondoka na asilimia 18.75 ya kampuni, ni haki yake kwa alichofanya na kampuni haijafa.

Mkae siku moja muandike, nani ni nani, nani ana neno la mwisho kwenye nini, kila mtu anatoa saa ngapi kwa wiki, na kwamba kodi yote ya programu ni mali ya kampuni. Hilo la kodi usilionee aibu kwa sababu ni rafiki. Nchi nyingi mtu aliyeandika kodi bila kuwa mwajiriwa wako ndiye mwenye hakimiliki yake mpaka asaini kuikabidhi, na ni hivyo hivyo hata ukilipa kampuni ya nje, kwa hiyo watu wanalipa hela yote na bado kisheria programu sio yao. Jina la tovuti, seva, akaunti ya Google Play (inalipiwa dola 25 mara moja) na ya Apple (dola 99 kila mwaka) zote zifunguliwe kwa barua pepe ya kampuni, isiwe ya mtu binafsi. Na huyu rafiki muanze naye kwenye ile kazi ya mkono, aje akae kwenye benchi la fundi. Asipotaka kabisa kuja, anataka aletewe orodha ya vitu vya kujenga tu, hiyo pia ni taarifa kuhusu huo ushirika kabla hamjasaini.

Mzee wa asilimia 40, hapana, kwa heshima zote. Piga hesabu. Ukimpa yeye 40 mnabaki na 60, wewe na rafiki 30 kila mmoja. Kampuni ikikua mkatafuta mwekezaji wa pili akachukua 20, yako inashuka hadi 24, akija wa tatu naye kwa 20 unabaki na 19 na kidogo, na wewe ndiye unayelala ofisini. Zaidi ya hapo wawekezaji wa baadaye wakiona mtu wa nje kashika sehemu kubwa hivyo tangu mwanzo wengi wanakimbia, wanajua waanzilishi watachoka. Upate pa kulinganishia, Y Combinator ya Marekani, taasisi inayozipa kampuni changa mtaji na mafunzo, ambayo ilianza 2005 na ndiko zilikopita kampuni za Airbnb na Dropbox, mkataba wao wa kawaida ni dola 125,000 kwa asilimia 7, na dola 375,000 nyingine kwa mkataba unaogeuka hisa baadaye. Wewe hauko huko na mzee hana hela hiyo, sawa, lakini uone jinsi 40 ilivyo mbali. Kama anakuamini kweli na hela anayo, kuna mkataba unaoitwa SAFE ambao hao hao Y Combinator waliutoa 2013 na kuurekebisha 2018, uko bure kwenye tovuti yao, mtu anatoa hela sasa na anapata hisa kampuni itakapokuja kupangiwa thamani. Umeandikwa kwa sheria za Marekani kwa hiyo mwanasheria wa kwenu auangalie kwanza. Na yeyote atakayekuharakisha usaini, mzee au mwingine, kuharaka kwake ni sababu ya wewe kwenda taratibu. Akitokea "mwekezaji" mtandaoni anayetaka utume ada ya kushughulikia fomu kwanza, huyo mfungie kabisa.

Kuibiwa wazo, naelewa hofu yako ila imekugharimu zaidi ya ilivyokulinda. Hakimiliki hailindi wazo, inalinda kitu kilichotengenezwa, hata mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ule wa haki za ubunifu, unasema hivyo. Mafundi hawana muda wa kukuibia, wana simu za kutengeneza. Wawekezaji wengi hawasaini mkataba wa siri ili tu wasikie wazo, usipoteze nguvu kuwadai. Unachoweza kulinda ni jina: kabla hujachapisha nembo pita kwenye Global Brand Database ya WIPO (Shirika la Miliki Ubunifu Duniani), ni bure, uone kama kuna aliyelisajili, halafu uangalie msajili wa kwenu pia. Kama siku moja mtagundua kitu cha kiufundi kipya kabisa cha kuombea hataza (patent, haki ya uvumbuzi), hicho tu ndicho usikitangaze kabla ya kupeleka maombi, maana sehemu nyingi ukishakitangaza umejiharibia.

Kuhusu mafunzo, usijaze laptopu video ukaona umefanya kazi. Startup School ya Y Combinator ni ya bure, ipo mtandaoni, anza na masomo ya kuongea na wateja, na wana sehemu ya kutafutia mwanzilishi mwenza kama rafiki atakwama. GitHub ya kuhifadhia kodi kwa faragha ni bure. Mkishakuwa na mfumo unaotumika, Amazon (mpango wao unaitwa AWS Activate), Google na Microsoft wote wana mipango ya kuzipa kampuni changa salio la bure la kutumia seva zao, kaombeni wakati huo, sasa hivi salio litaisha muda wake hujapata hata wa kumhudumia. Vituo atamizi (vile vinavyolea kampuni changa) vya karibu nawe kavitembelee lakini uulize maswali matatu kabla hujajaza fomu: mnachukua hisa ngapi, kuna ada, na naweza kuongea na watu wawili waliopita hapa mwaka jana bila nyinyi kuwepo? Wakigoma hilo la tatu ondoka. Mashindano ya kupanda jukwaani na kueleza wazo chagua moja tu, yanakula wiki nzima za maandalizi na fundi wako hayuko kwenye hadhira.

Kazi usiache mwezi ujao. Hii ya mkono inawezekana jioni na Jumamosi. Soma mkataba wako wa ajira sehemu ya kazi za nje na ya mali unazobuni, mikataba mingine inadai hata ulichotengeneza nyumbani, na usitumie laptopu ya ofisi kwa hili hata kwa dakika. Akiba yako igawanye kwa matumizi ya mwezi ya kweli, kodi ya nyumba, familia, ugonjwa, ujue inakubeba miezi mingapi bila mshahara. Mimi ningependa uone mafundi wanaolipa mwezi wa tatu mfululizo bila kubembelezwa, na akiba ya kukubeba mwaka, ndipo ile barua iandikwe. Kusajili kampuni nako kusubiri mpaka hela ianze kuingia au mkataba wa kusaini na rafiki ufike, wakati huo ndio uone mhasibu.

Ile kampuni ya programu iandikie leo kwamba kwa sasa huendelei, ila uwaombe mchanganuo wa maandishi, kila sehemu na bei yake. Ukiupata mpe rafiki yako ausome, atakwambia ni ipi kati ya hizo ni kazi ya wiki na ipi ni ya mwaka. Mzee mshukuru, mwambie utamrudia ukiwa na wateja. Jumamosi anza na fundi ambaye alishawahi kukutengenezea simu, anakufahamu hatakushangaa, na uende asubuhi kabla hawajaanza kujaa.